Mtoto amerudi likizo bila blanketi: serikali iko wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Kijana wangu yuko Gredi ya 10 katika shule ya bweni. Amekuja likizo fupi ya katikati ya muhula bila blanketi, kufuli la sanduku lake limevunjwa, na mche wa sabuni niliokadiria umfikishe mwisho wa mwezi ulimalizika kwa siku 5. Nilipombembeleza sana alinieleza kwamba wakubwa huwafulisha nguo zao, huwapigisha magoti usiku na kuwaita "mono", yaani mgeni wa mwaka wa kwanza. Nilimpigia simu mwalimu mmoja, akanijibu kwamba hata wao waliyapitia hayo na yakaisha. Kila mara twasikia kwamba serikali imekataza unyanyasaji shuleni. Imekataza vipi, na mimi mzazi nishike wapi?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Nitaanza na huo mche wa sabuni, kwa sababu umeona jambo ambalo wazazi wengi hulipita. Mtoto anayeonewa bwenini ni nadra kutamka kwamba anaonewa. Kuitwa mchongezi humuuma kuliko kofi lenyewe. Ukimuuliza kama amepigwa atakwambia la, lakini ukimuuliza sabuni imekwendaje, hatimaye utaambiwa ilifua nguo za nani. Mimi mwenyewe nililala bweni zamani, nikafua soksi za watu ambao hata majina yao siyakumbuki, na nyumbani sikusema neno.

Sasa tuje kwa serikali. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa aina zote, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa mambo ya kikatili au ya kumdhalilisha, yawe ya mwili au ya akili, na kumwekea mwenye kuvunja katazo hilo faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo haimuulizi mwalimu kama naye aliyapitia. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2009, shule za sekondari zilianza kuhimizwa kuwa na mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa na wanafunzi wenyewe mahali pa viranja wa kuteuliwa na walimu, kwa kuwa kiranja aliyepewa mamlaka bila kuulizwa na mtu ndiye mara nyingi aliyekuwa wa kwanza kumtuma mdogo maji. Katika shule nyingine jina ndilo lililobadilika, viranja wakabaki viranja, na hapo silaumu sheria bali wanaoisimamia.

Kwa maoni yangu hatukosi makatazo. Kinachotuangusha ni kwamba wizara haina jicho bwenini saa 4 usiku, wala haitalipata. Ilicho nacho ni karatasi, na malalamiko yetu sisi wazazi kwa kawaida huishia mdomoni. Ulipompigia mwalimu simu, alikata, na mambo yakaishia hapo. Barua yenye tarehe ni kitu kingine. Iandike kwa mwalimu mkuu, ueleze kilichofanyika, lini na katika bweni gani, utaje blanketi na kufuli, kisha uende na nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiache nakala yako huko. Peleka nakala ya tatu kwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi ya shule, na usipojibiwa kwa muda wa maana, mfuate mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ambako shule iko, si wa hapa Kisauni unakoishi wewe. Wengi hukosea hapo na kupoteza wiki nzima wakizungushwa. Juu yake iko bodi ya elimu ya kaunti. Mwalimu akiwa ameona akanyamaza, Tume ya Huduma za Walimu ndiyo yenye mamlaka juu ya nidhamu yake.

Kama kijana ana alama mwilini, barua isubiri. Mpeleke hospitali kwanza, kwa mfano Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Makadara, kisha uandikishe taarifa katika kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ya kueleza majeraha, ambayo daktari ataijaza. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116, na hupokewa usiku na mchana. Mwanao haruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo aihifadhi kichwani.

Jambo moja la mwaka huu wa 2026 linanitia wasiwasi zaidi. Gredi ya 10 ni kundi la kwanza la mtaala mpya kuingia sekondari ya juu, na juu yao wamewakuta Kidato cha 3 na cha 4 peke yao, kwa sababu hakuna Kidato cha 1 wala cha 2 tena. Zamani mono alikuwa na mkubwa wake wa mwaka mmoja tu, ambaye uchungu wake ulikuwa bado mbichi na pengine alimhurumia. Sasa mtoto wa miaka 15 anapambana moja kwa moja na vijana wanaokaribia kuota ndevu. Shule yenye busara ingewalaza mabweni tofauti. Liulize hilo katika barua yako.

Na hao wakubwa? Nao ni watoto mbele ya sheria, na kifungu cha 35 cha sheria ileile hakitaki mwanafunzi afukuzwe kabla njia nyingine zote za kumrekebisha hazijajaribiwa. Usidai wafukuzwe; dai waitwe pamoja na wazazi wao, na walipe blanketi.

SWALI: Binti yangu wa Gredi ya 8 anatukanwa katika kundi la WhatsApp la darasa. Shule inasema simu ni za nyumbani, kwa hiyo haiwahusu. Ni kweli?
Baba wa Likoni

JIBU: Si kweli. Wanaoandika ni wanafunzi wa shule hiyo, na kesho asubuhi watakaa na binti yako dawati moja. Sheria ya Watoto ya 2022 inahesabu unyanyasaji wa mtoto kupitia mtandao kuwa kosa, popote simu ilipo. Ila maandishi hayo hufutwa upesi, kwa hiyo yapige picha leo usiku, namba na saa zionekane, uyachapishe, na Jumatatu uyaweke juu ya meza ya mwalimu mkuu pamoja na barua yako.