Swali: Mchezo wa leso chumbani watu wanauita aibu, je, ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi na mke wangu tunakaa Mkomani, hapa Lamu. Mke wangu hupenda nimfunge mikono kwa leso tukiwa chumbani, na wakati mwingine mimi ndiye hufungwa. Hakuna anayemlazimisha mwenziwe. Alimdokezea shoga yake, naye akamwambia huo ni uchafu wa kwenye video, tumuogope Mungu. Lakini shanga za kiunoni, singo (ya kusugulia mwili) na mafunzo ya kungwi hakuna anayeyakataa, na barazani wanaume husimulia ya vyumbani mwao watu wakacheka. Kwa nini letu ni aibu na hayo si aibu? Sheria inasemaje? Na tukiishia kwenye mchezo tu bila jimai (kuingiliana), josho, yaani kuoga kwa janaba, linatulazimu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah.

Jambo kama lako lilizuka Madina zamani. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwa sahaba Jabir kwamba Mayahudi wa huko walikuwa wakisema mume akimwendea mkewe kwa upande wa nyuma, hata ikiwa ni katika tupu ya mbele, mtoto huzaliwa na makengeza. Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, walikuwa jirani zao na wakawafuata katika mengi. Abu Dawud amepokea kwa Ibn Abbas kwamba wao walijua namna moja tu, ya ubavu, wakiona ndiyo inayomsitiri mwanamke zaidi. Makuraishi wa Makka hawakuwa na mwiko huo. Muhajiri mmoja, aliyehama kutoka Makka, akaoa mwanamke wa Kiansari, akataka ya kwao Makka, mke akakataa: ama kama tulivyozoea, ama kaa mbali nami. Habari ikaenea mpaka ikamfikia Mtume, rehma na amani zimshukie, na hapo ndipo iliposhuka aya ya 223 ya Suratul Baqara: wake zenu ni konde zenu, basi ziendeeni konde zenu mpendavyo. Maana yake ni kwa mbele, kwa nyuma au kwa ubavu, maadamu ni pale panapotoka mtoto.

Basi lililokuwa fedheha Madina lilikuwa jambo la kawaida Makka. Aya haikumuaibisha mwanamke yule kwa haya yake, wala haikuifanya haya yake kuwa sheria.

Kwetu pwani ni vivyo hivyo. Shanga, singo, udi, kikuba cha asumini, vyote vina mwenye kuvifundisha. Kungwi humkalisha mwari, humweleza, na fungate nzima watu wazima wanajua kinachoendelea. Kilichopita mikononi mwa kungwi kimepata heshima ya arusi. Leso ya mkononi haikupita hapo, imekuja na fununu za simu, na kisichokuwa na mwalimu anayeheshimika huitwa uchafu. Ongeza na hili: mume akitaka jambo huambiwa ni dume, mke akilitaka jambo hilohilo huulizwa amelijifunza wapi. Huo ni upendeleo wa watu, haumo katika fiqhi.

Ada ina nafasi yake katika sheria. Tunaitegemea tunapokadiria mahari ya mfano (ya wanawake wa hali yake) na mambo mengine ambayo nassi, yaani aya au hadithi, haikuyawekea kipimo. Lakini ada haiharamishi alichohalalisha Mola, wala haihalalishi alichoharamisha. Yaliyoharamishwa baina ya mume na mke yanajulikana: tupu ya nyuma, jimai katika hedhi na nifasi (damu ya uzazi) mpaka damu ikatike na mke aoge, jimai mchana wa Ramadhani, ambayo kafara yake kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, na asiyeweza alishe masikini sitini, na jimai katika ihramu ya hija au umra. Wapo wanaodhani kuingiliana kwa nyuma kunavunja ndoa papo hapo. Ndoa haivunjiki. Ni dhambi kubwa, inataka toba, na mke ana haki kamili ya kukataa.

Leso haimo katika hayo. Kinachobaki ni kuangalia madhara, kwani Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana. Fundo likikaza, damu haipiti na mshipa wa fahamu hubanwa, hasa kwenye kifundo cha mkono na kwapani. Dalili ni ganzi, vidole kupoa au kubadilika rangi. Ikionekana mojawapo, fungua mara moja. Kitambaa kiwe kipana, kidole kipite chini yake, fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja, na mkasi uwe karibu. Aliyefungwa haachwi peke yake hata dakika moja. Shingo haiguswi kabisa, si kwa leso wala kwa mkono: kubanwa shingo huweza kuua au kudhuru ubongo bila kuacha alama nje, na ridhaa ya mke haihalalishi hilo. Uso nao Mtume amekataza kupigwa.

Wekeni neno moja ambalo likitamkwa kila kitu kinasita. Kunyamaza si kukubali. Mke asipotaka mchezo huu, kukataa kwake si nushuzi (uasi katika ndoa), na mume naye hali kadhalika.

Lenye uzito zaidi katika swali lako ni lile ulilolitaja kwa kupita, la baraza. Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri kwamba katika watu waovu zaidi wa daraja Siku ya Kiyama ni mume anayeingiliana na mkewe kisha akaitangaza siri yake. Hadithi hii haiulizi walifanya nini chumbani. Kwa hiyo anayejisifu barazani kwa halali yake yuko mahali pabaya kuliko ninyi na leso yenu, ingawa yeye anachekewa. Mke wako naye amwombe Mola msamaha kwa kumdokezea shoga, na amwambie shoga kwamba maneno hayo ni amana. Msijipige picha, simu huibwa na hupelekwa kwa fundi. Kusambaza picha za faragha za mtu pia ni kosa la jinai Kenya: sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta, kifungu cha 37, inataja faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ama josho: yakitoka manii, limemlazimu aliyetokwa. Likitoka madhii, ule ute mwembamba wa matamanio, hakuna josho. Huoshwa lilipogusa mwili na nguo, na udhu hutengenezwa upya. Kisipotoka kitu na tupu hazikuingiliana, hakuna josho kwa yeyote, ila kwa madhehebu yetu ya Shafi mmegusana ngozi, kwa hiyo udhu wenu nyote wawili umetenguka. Kuingia kwa kichwa cha dhakari (uume) peke yake kunawalazimu nyote kuoga, hata kama hakuna aliyetokwa na kitu.