Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Tamthilia za Kale za China

Wengi wanaoingia katika somo hili hudai kwanza orodha ya nasaba za wafalme na majina ya wanafalsafa wa kukariri. Orodha hiyo mtaipata tu, wala haina haraka. Ninachowashauri ni kuchagua kisa kimoja na kukifuata katika nakala zake zote, na mimi hupenda kuanza na kile cha yatima wa ukoo wa Zhao.

Katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, ukoo huo unaangamia kwa fitina za ndani ya nyumba yao, na hakuna mtoto anayefichwa. Mwanahistoria Sima Qian ndiye anayetusimulia kwamba adui, Tu'an Gu, aliuangamiza ukoo na kumsaka mtoto aliyebaki, na kwamba marafiki wawili wa ukoo huo, Gongsun Chujiu na Cheng Ying, walimwokoa yatima kwa kumtoa mtoto wa watu wengine auawe badala yake. Ji Junxiang, mtunzi wa zama za Yuan (1271–1368), akamfanya mtoto huyo aliyetolewa kuwa mwana wa Cheng Ying mwenyewe. Hapo msipite mbio. Mwanafalsafa Mencius alifundisha kwamba mtu asipoweza kuwa na uhai na haki kwa pamoja, auache uhai ashike haki. Gongsun, anayekubali kufa pamoja na mtoto huyo, anaingia katika fundisho hilo bila taabu, lakini Cheng Ying anatoa uhai usio wake, kisha anabaki hai, akimlea yatima katika nyumba ya adui yuleyule.

Msomaji mgeni hunaswa zaidi na tukio la fimbo: Cheng Ying, anayejifanya amemsaliti mwenzake, anaamriwa na Tu'an Gu amchape Gongsun, anachukua fimbo nyembamba, anakaripiwa, anachukua nene, anakaripiwa tena, hadi anaishika ya wastani. Ni tukio zuri mno, ila kabla ya kumsifu Ji Junxiang kwa mazungumzo yake, angalieni yametoka wapi. Nakala iliyochapishwa zama za Yuan ina sehemu nne, nazo ni nyimbo tupu. Mazungumzo na sehemu ya tano tunavisoma katika mkusanyo wa tamthilia mia moja uliohaririwa na Zang Maoxun na kuchapishwa mwaka 1615 na 1616, naye alikuwa mhariri asiyesita kubadili maandishi ya wengine.

Tena, katika tamthilia hizo mwigizaji mkuu mmoja ndiye aimbaye, na hapa anavaa uhusika wa Han Jue, jemadari anayemwachia yatima apitishwe langoni, kisha Gongsun, kisha yatima aliyekwisha kukua. Cheng Ying haimbi kamwe, kwa hiyo katika nakala ya Yuan aliyebeba mzigo mzito kuliko wote hana neno hata moja. Kasisi Prémare alifanya kinyume: tafsiri yake ya Kifaransa, iliyochapishwa mwaka 1735, iliacha nyimbo na kubakiza mazungumzo, na ndiyo iliyomfikia mwandishi Mfaransa Voltaire, ambaye mwaka 1755 alikihamishia kisa hicho zama za Genghis Khan. Basi mnapoandika insha kuhusu Cheng Ying, tajeni mapema ni Cheng Ying wa nakala ipi.