Maswali na Majibu: Nikiwa na amani moyoni, je, huo si uthibitisho wa Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwaka jana nilipoteza kazi, na kabla sijatulia mtoto wangu akagundulika ana kifafa. Nimeomba na kufunga, sioni badiliko. Siku hizi hata nikipiga magoti sisikii kitu. Katika maombi ya kwenye simu nilikutana na mama mmoja mtumishi, akanieleza mambo ya maisha yangu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kisha akasema ameonyeshwa kwamba mateso haya yanatokana na kanisa ninaloabudu: nihame, nimwachishe mtoto dawa kwa imani, na nitoe sadaka ya ukombozi. Sadaka nilimwahidi. Kila nikiwaza kuhama napata amani, nikiwaza kubaki moyo unakuwa mzito. Je, hiyo amani si sauti ya Roho Mtakatifu? Nitajuaje kama jaribu hili limetoka kwa Mungu au kwa adui? Na ile ahadi ya sadaka, inanifunga?

JIBU: Amina, dada yangu. Naanza na dawa, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Endelea kumpa mtoto dawa kama ulivyoelekezwa, na kama umeshaziacha, wasiliana na daktari wake leo. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, kifafa kinaweza kumshika mtoto mfululizo bila kukoma, na hali hiyo huua. Hapa hakuna cha kupambanua. Najua utasomewa habari ya yule kijana aliyekuwa akiangushwa chini na pepo, aliyeletwa kwa Yesu na baba yake katika Marko 9. Isome mwenyewe. Baba yule alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu akamponya mwanawe bila kumdai imani iliyokamilika. Hakuna mahali katika Injili Yesu alipomwamuru mzazi aache tiba ili aonyeshe kwamba anaamini. Hata wenye ukoma aliowaponya aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua na kutamka kwamba mtu ametakasika. Mungu akimponya mtoto wako, daktari ataliona hilo kwa kumfuatilia, naye ndiye atakayepunguza dawa.

Sasa chanzo cha jaribu. Swali lako ni la kale, na watu wengi hulijibu haraka kuliko Biblia inavyolijibu. Fungua 2 Samweli 24:1 na 1 Mambo ya Nyakati 21:1 uziweke pamoja. Tukio ni moja, Daudi kuwahesabu watu. Samweli kinasema hasira ya Bwana ndiyo iliyomsukuma Daudi, Mambo ya Nyakati kinasema ni Shetani. Paulo anauita mwiba wake, ile taabu ya mwilini, mjumbe wa Shetani, na papo hapo anaeleza kwamba alipewa ili asijivune kupita kiasi. Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu alikusudia mema, katika tendo lile lile la kumuuza. Ayubu ndiye aliyetaka sana kujua, na hakuambiwa. Sisi wasomaji tunaijua sura ya kwanza na ya pili, zinazoeleza Shetani alivyoruhusiwa kumjaribu. Yeye alikufa, kwa kadiri kitabu kinavyotuonyesha, bila kuzijua.

Kwa hiyo mtu anayekuambia kwa uhakika, tena kwa simu, kwamba jaribu lako limetoka hasa mahali fulani, anadai kujua jambo ambalo Mungu mwenyewe kwa kawaida halitangazi. Rafiki za Ayubu walidai hivyo hivyo, na katika sura ya 42 Bwana anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake.

Kuna swali moja la chanzo ambalo unapaswa kujiuliza, nalo ni kama kuna dhambi unayoijua na hutaki kuiacha. Kama ipo, tubu. Ila angalia namna Roho anavyohukumu. Nabii Nathani alipomwendea Daudi alitaja jambo lenyewe, kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria kwa upanga, na Daudi alipoungama alisamehewa katika mazungumzo yale yale. Shutuma isiyotaja kitu, inayokufanya ujihisi mchafu usiku na mchana bila kukuonyesha cha kutubu wala mlango wa kutokea, inafanana zaidi na kazi ya yule ambaye Ufunuo 12:10 inamwita mshitaki wa ndugu zetu. Kama umejichunguza na hukuona kitu, acha kuchimba. Kujichunguza kusikokwisha huchosha roho na wala si unyenyekevu.

Tuje kwa huyo mama. Kilichokushika naona ni kwamba alijua mambo yako ya siri. Nakuelewa, lakini Matendo 16 ina kisa ambacho kila Mkristo angepaswa kukijua vizuri. Kule Filipi kijakazi mmoja aliwafuata Paulo na wenzake siku nyingi akipaza sauti kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaowahubiria njia ya wokovu. Kila neno lilikuwa kweli, na lilitoka kwa pepo wa uaguzi. Kumbukumbu la Torati 13 inakwenda mbali zaidi: nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatokea kweli, na bado asisikilizwe kwa sababu ya mahali anapowapeleka watu. Usahihi wa habari hauthibitishi aliyezileta. (Na tusisahau kwamba mengi yetu tunayoyaita siri tumeyaweka wenyewe kwenye simu zetu, au tumeyasema katika maombi ya kikundi na kusahau.)

Kipimo cha Agano Jipya ni cha hadharani. Paulo anaagiza manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kwa Wathesalonike anaweka maagizo mawili bega kwa bega: msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Wapo wanaolipenda la kwanza na kuliruka la pili, na wapo wanaofanya kinyume chake. Ujumbe wako ulitolewa faragha, hakuna aliyeupima, na unakutaka uwaache wale wale ambao wangeupima. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kuhusu fedha, Wakristo wa mwanzo hawakuzunguka mbuyu. Didake, mwongozo wa kanisa wa karne za kwanza, unasema kwamba mtu akinena katika roho na kudai apewe fedha, asisikilizwe. Akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu.

Labda utaniuliza: vipi kama kweli Mungu amemtuma? Soma Yeremia 28. Hanania alitangaza hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba baada ya miaka 2 nira ya Babeli, yaani utawala wake juu ya Wayahudi, itavunjwa na waliohamishwa watarudi. Ulikuwa unabii mtamu. Yeremia akajibu, "Amina, Bwana na atende hivyo," kisha akakumbusha namna manabii wa zamani walivyopimwa. Hanania akaichukua nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utawala huo, akaivunja, na Yeremia akaenda zake. Kwangu hapo ndipo penye somo. Nabii wa kweli, aliyedhalilishwa mbele ya watu, hakuona lazima ya kuwa na jibu saa ile. Neno la Bwana lilimjia baadaye. Hanania alikufa mwaka ule ule, na uhamisho ulikwenda kwenye ile miaka 70 ya sura ya 29. Kwenda zako na kungoja ni tendo halali la imani. Kinyume chake ni yule mtu wa Mungu wa 1 Wafalme 13, aliyekuwa na agizo lake wazi, akaliacha kwa sababu nabii mzee alimwambia malaika amesema vingine. Mzee alimdanganya, na aliyeuawa na simba ni yule aliyeamini.

Sasa hiyo amani, ambayo kwako ndiyo kiini cha swali. Sisi wahubiri tuna lawama hapa. Tumewafundisha watu kwamba "nina amani nayo" ni muhuri wa Mungu, na ni sentensi ambayo hakuna anayeweza kuihoji, ndiyo maana inapendwa. Lakini mtazame Yona. Anamkimbia Bwana, tufani imewaka, mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake, naye yuko chini ndani ya merikebu amepata usingizi. Kisha mtazame Yesu bustanini Gethsemane, aliye katikati kabisa ya mapenzi ya Baba: anafadhaika, anahangaika, anasema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Tungepima kwa utulivu wa moyo, tungesema Yona ndiye mtiifu.

Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu," hunukuliwa sana kwa jambo hili. Endelea mpaka mwisho wa mstari: "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja." Mistari iliyotangulia ni ya kuchukuliana na kusameheana. Paulo anazungumzia amani kati ya ndugu. Kuitumia kuhalalisha kuwahama ndugu kimya kimya ni kuigeuza miguu juu.

Amani unayoipata ukiwaza kuhama huenda ni nafuu tu. Mtu aliyechoka akiahidiwa kwamba mateso yana sababu moja, na sababu hiyo ina mlango wa kutokea, mwili wote hulegea. Nafuu si dhambi, ila haiwezi kutoa ushahidi.

Je, hisia hazina kazi basi? Zina kazi, ila husomwa polepole. Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti (ndugu zangu Waprotestanti mnivumilie), alijeruhiwa mguu vitani kwa risasi ya mzinga huko Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Akiwa kitandani aliota ndoto za aina mbili: za ushujaa wa kidunia, na za kuishi kama watakatifu aliosoma habari zao. Zote zilimfurahisha wakati akiziwaza. Tofauti aliiona baadaye: za kwanza zilimwacha mkavu, za pili zilimwacha na furaha iliyodumu. Kwa hiyo usijiulize tu unajisikiaje unapowaza jambo. Tazama linakuacha vipi kesho yake, na juma linalofuata, na linakufanya kuwa mtu wa namna gani kwa mtoto wako na kwa jirani yako. Baadaye aliandika kanuni ambayo kwa hali yako ndiyo ninayokupa kwa mkazo wote: wakati wa ukavu wa roho, usibadili uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Kaa hapo ulipokuwa. Badili nafsi yako badala yake: zidisha maombi kidogo, jichunguze kidogo, vumilia. Ukavu utaondoka, na uamuzi utaufanya ukiwa unaona.

Kanuni hii ina mpaka. Kama ndani ya kanisa hilo kuna mtu anayekupiga, anayekunyanyasa au kumdhuru mtoto, ondoka kwanza, upambanuzi utafuata. Wala sisemi kuhama kanisa ni dhambi. Unaweza kuhama baadaye kwa sababu unazoweza kuzieleza mchana mbele ya mzee wa kanisa. Ulichoniandikia hakina hata sababu moja ya namna hiyo.

Kuhusu kutosikia kitu ukipiga magoti, sitaandika mengi, maana uliyoeleza hayanishangazi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani bila mstari wa kushukuru, na bado ni sala ndani ya Biblia. Unapokosa maneno, tumia ya zaburi hiyo, au Baba Yetu polepole, hata kama ni dakika tano. Usikose ibada na Meza ya Bwana kwa sababu "sisikii kitu". Huko unabebwa na imani ya wengine, kama yule aliyepooza aliyeshushwa na wenzake kupitia darini, ambaye Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Usiongeze kufunga. Mama anayekesha na mtoto mgonjwa anahitaji kula na kulala; Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, Bwana alimpa mkate na maji na usingizi kabla ya kumpa neno. Na mtafute mtu mmoja au wawili waliokomaa, uwasomee barua hii uliyoniandikia, yote, hata sehemu ya sadaka.

Imebaki ahadi. Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri uiondoe, nami sitaki uichukue sheria hiyo kwa wepesi. Lakini nadhiri huwekwa kwa Mungu, kwa hiari. Wewe ulimwahidi mtu, kwa hofu, baada ya kuambiwa kwamba bila hiyo mateso hayatakwisha. 2 Wakorintho 9:7 inataka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Na katika Marko 7 Yesu anawakemea waliosema mali ni korbani, imewekwa wakfu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Kama sadaka haikubaliki ikimnyang'anya mzazi haki yake, haitakubalika ikimnyang'anya mtoto tiba. Kama dhamiri inakusumbua, ungama mbele za Bwana kwamba uliahidi kwa haraka. Walawi 5 inamweka mtu aliyeapa bila kufikiri miongoni mwa wanaoungama na kusamehewa. Kisha mpigie huyo mama, ukiwa na mmoja wa hao waliokomaa pembeni yako, umwambie kwa heshima kwamba hutatoa, hutahama kwa sasa, na mtoto anaendelea na dawa. Mkaribishe aje aseme maono yake mbele ya wazee wa kanisa lako. Akikubali, mtamsikiliza na kuyapima pamoja. Akikasirika au akikutishia laana, usibishane naye. Kata simu, na usirudi kwenye maombi yale.