Jibu: Kwa nini sura za wasomi wa Ulaya zipo na za wazee wetu wa Tanga hazipo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wasomi wa Ulaya wa miaka 500 iliyopita tunazijua sura zao, na mashehe na washairi wetu wa zamani hapa Tanga wamebaki majina tu. Sababu kubwa ni bamba la shaba la kuchapia picha. Fundi alilichonga mistari kwa ncha kali ya chuma, akajaza wino kwenye mistari ile, akafuta uso wa bamba, kisha akakandamizia karatasi yenye unyevu. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala.

Itazame ile picha ya Erasmus, msomi wa Uholanzi, aliyoichonga Dürer, msanii wa Kijerumani, mwaka 1526: mzee anaandika, kidau cha wino mkononi, vitabu mbele yake. Lakini nyuma yake kuna maneno ya Kigiriki kwamba maandishi yake yatamwonyesha vizuri zaidi. Hapo nakubaliana na maneno hayo kabisa! Kwetu mtu alikumbukwa kwa kusomewa hitima na kwa beti zake kughanwa. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, amezikwa Machui, hapa hapa Tanga. Picha zake zipo, ila shangazi yangu hajawahi kuona hata moja, na beti zake anazo kichwani.