Jibu: Filta moja nyuma ya feni inatosha?
Mkuu umeuliza kama filta moja tu ya hewa ukiibandika nyuma ya feni inatosha kusafisha hewa ya ndani, inasaidia ndio ila feni inahangaika kuvuta hewa na mzunguko unapungua. Bora utengeneze boksi kabisa, ile waliyoileta Wamarekani wawili, mhandisi Richard Corsi na mtengenezaji wa filta Jim Rosenthal, mwaka 2020 kipindi cha korona. Unachukua filta 4 za MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kukamata chembe ndogo) zinakuwa kuta, chini kadibodi, juu unalaza feni ya mraba ikipuliza kwenda juu, halafu unaziba kila mahali kwa selotepu pana. Angalia mishale kwenye fremu za filta, yote ielekee ndani ya boksi, hapo ndo wengi wanachemka. Na pembe za feni usiziache wazi maana hewa inarudi chini kupitia hapo, kata kadibodi yenye tundu la duara uifunike kwa juu, yani tofauti utaiona. Filta zikishakuwa za kijivu badilisha, usizioshe. Ila kumbuka inakamata vumbi na chembe za moshi tu, gesi ya jiko la mkaa haiigusi kabisa, hiyo fungua madirisha.