Si kila profesa anajua Kizungu

Watu huuliza kama ni lazima profesa ajue Kizungu. Hapana, si lazima. Toshihide Maskawa wa Japani alishinda Nobel ya fizikia 2008 na hotuba yake kule Stockholm akaitoa kwa Kijapani, alisema wazi Kiingereza haongei. Sisi huku Kenya, kwa vyuo kama Maseno ama Egerton, ni ngumu kuamini juu tunafunzwa kwa Kizungu tangu shule, lakini Japani ama Brazil mtu anaweza kusoma mpaka PhD kwa lugha ya kwao, Kizungu anakutana nacho sanasana kwa majarida ya utafiti. Kusoma wengi wanajikaza, kuandika ndio kunawamaliza. Kuna utafiti wa Tatsuya Amano na wenzake ulitoka 2023, waliuliza wanasayansi 908 kutoka nchi 8 na wale hawakuzaliwa na Kizungu makala zao zilikuwa zinakataliwa kwa sababu ya lugha karibu mara 2.5 kushinda za wenye wamezaliwa nacho, na hiyo inaniuma kabisa juu kazi yenyewe inaweza kuwa safi. Ila hao wote walikuwa watu wa sayansi ya mazingira, kwa udaktari ama uhandisi hesabu inaweza kuwa tofauti.