Jimbi kapinda shingo, hali chakula siku ya pili

Pole sana dada yangu ulieuliza kuhusu jimbi wako. Shingo kupinda, mavi ya kijani na kuhema kwa tabu, mie naona huyo jimbi wako kashikwa na mdondo (kideri), maradhi ya kuku yanayoletwa na kirusi, na ukweli mdondo hauna dawa, vidonge vya dukani haviui kirusi usipoteze pesa. Mtoe sasa hivi bandani kwa wenzie, mueke pahala pakavu pa kivuli, maji umtilie tone tone pembeni ya mdomo maana ukimmiminia yanamwendea mapafuni. Na mwite daktari wa mifugo hapo Wete amuone. Wangu nilikesha nae nimemfunika kanga, alfajiri hakuwika. Akifa mfukie chini sana, usimchinje ukamgaia jirani, wale wazima muulize daktari lini watiwe chanjo ya tone la jicho, kisha irejewe kila miezi 3.